Kuchora Samaki kwa Mtindo wa Madhubani

Anayetaka kujifunza uchoraji wa Madhubani na aanze na samaki mmoja. Mtindo huu ni wa wanawake wa Mithila, eneo la kaskazini mwa jimbo la Bihar nchini India linalovuka mpaka hadi Nepal, ambao kwa vizazi vingi wamepamba kuta za udongo za nyumba zao, hasa chumba cha maharusi kiitwacho kohbar ghar, kwa miungu ya Kihindu, mayungiyungi, mianzi na samaki. Samaki ni alama ya uzazi na neema. Umbo lake ni jepesi kwa mwanafunzi, lakini magamba yake humdai subira yote aliyo nayo.

Tafuta karatasi nene isiyong'aa. Huko Mithila karatasi hupakwa maji ya samadi ya ng'ombe yaliyochujwa, nayo ikikauka hupata rangi hafifu ya ukuta wa udongo. Ukikosa samadi, ipake chai ya rangi iliyopoa. Kwa wino, kusanya masizi ya kibatari na uyakoroge na gundi ya mgunga iliyolowekwa majini. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya njano nzuri mno, ila huchujuka upesi juani, kwa hiyo picha yake itundikwe mbali na dirisha. Kalamu ni kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, na cha kujazia rangi ni kijiti kingine kilichozungushiwa pamba.

Weka penseli kando, kwa kuwa wazoefu wa sanaa hii huchora kwa wino moja kwa moja. Anza na jicho, liwe kubwa na la duara, kisha vuta mstari wa mgongo kutoka mdomoni hadi mkiani bila kuinua mkono, ufuatie na wa tumbo. Sasa chora mstari wa pili sambamba na ule wa kwanza, ukiacha kati yao nafasi ya upana wa punje ya mchele, na uijaze nafasi hiyo kwa vistari vifupi vya mshazari vilivyobanana. Mistari hii miwili ndiyo roho ya Madhubani. Ikikaribiana mno wino huungana na kuwa doa. Ikiachana mno samaki hulegea. Mimi nilijaza kurasa nne za mistari mitupu kabla ya kumgusa samaki, na sijutii hata moja. Aliyezoea kuchora hina ataona mkono wake umekwisha kujifunza nusu ya kazi.

Magamba yajazwe kwa njia moja kati ya mbili: bharni, yaani kwa rangi nzito, au kachni, yaani kwa mistari myembamba mitupu. Kisha zungushia majani na maua hadi pasibaki pahali patupu.

Ni ukame wa mwaka 1966 na 1967 ulioitoa sanaa hii ukutani, pale Bodi ya Kazi za Mikono ya India ilipomtuma msanii Bhaskar Kulkarni awahimize wanawake kuchora kwenye karatasi ili wapate cha kuuza. Jagdamba Devi wa kijiji cha Jitwarpur alitunukiwa nishani ya taifa ya Padma Shri mwaka 1975. Anayenigusa zaidi ni Dulari Devi wa Ranti, mwanamke wa jamii ya wavuvi aliyejifunzia sanaa hii katika nyumba ya wachoraji alikofanya kazi za ndani, akapata nishani hiyo hiyo mwaka 2021. Februari 2025 waziri wa fedha wa India alisoma bajeti akiwa amevaa sari ya michoro ya samaki aliyozawadiwa naye.

Jina Madhubani lina ulinzi wa kisheria nchini India tangu mwaka 2007 kama alama ya mahali bidhaa inakotoka. Ukiuza kazi yako, andika kwamba imechorwa kwa kufuata mtindo huo, na utaje ilikochorwa. Ukinunua ya Mithila, ulizia jina la mchoraji, kisha sogeza macho kwenye mistari miwili: iliyochorwa kwa mkono hukolea pale kalamu ilipotoka kuchovywa na kufifia wino unapoelekea kwisha, ilhali ya mashine hulingana mwanzo hadi mwisho.