Kutengeneza soda ya tangawizi kwa hamira bila kupasua chupa

Mwongozo huu ni wa chupa moja ya lita mbili, na nimeuandika baada ya kumsaidia jirani aliyekuwa akiogopa hatua ya nne kuliko nyingine zote. Hofu hiyo ina msingi.

Hatua ya 1. Kwangua gramu 100 za tangawizi, ichemshe katika lita moja ya maji, chuja, kisha koroga humo gramu 150 za sukari na maji ya ndimu mbili.

Hatua ya 2. Ongeza maji ya baridi hadi ufikie lita moja na robo tatu. Mchanganyiko ukiwa vuguvugu, tia robo ya kijiko cha chai cha hamira ya chenga. Ukiwa wa moto, hamira itakufa.

Hatua ya 3. Jaza katika chupa ya plastiki iliyokuwa na soda, kamwe si ya maji, ambayo ni nyepesi mno. Chupa ya kioo siikubali kabisa kwa kazi hii, kwa sababu haionyeshi dalili yoyote kabla ya kupasuka, na vipande vyake hujeruhi vibaya.

Hatua ya 4. Funga kwa nguvu na uiache chupa mahali penye kivuli. Hamira hula sukari na kutoa kaboni dayoksaidi pamoja na kileo kidogo, jambo ambalo anayejiepusha nacho kabisa anapaswa kulijua mapema. Kila gramu ya sukari inayoliwa hutoa takriban nusu gramu ya gesi. Kwa hiyo sukari yote ikiliwa, kila lita itapata zaidi ya gramu 40, ilhali soda ya dukani huwa na gramu 6 hadi 8 hivi. Hamira haitajizuia yenyewe ikifika kiwango hicho, nawe ndiwe wa kuizuia. Usifuate saa, kwa kuwa joto la Dar es Salaam huiharakisha hamira kuliko baridi ya Arusha. Bonyeza ubavu wa chupa asubuhi, mchana na jioni, na usiiache siku nzima bila kuikagua. Ikiwa ngumu kama chupa ya soda ambayo haijafunguliwa, ipeleke kwenye friji papo hapo.

Hatua ya 5. Iache humo usiku kucha. Mwingereza William Henry alieleza mwaka 1803 kwamba gesi inayoyeyuka katika kimiminika huongezeka kadiri shinikizo linavyoongezeka. Nayo baridi husaidia, kwani kwa shinikizo lilelile maji ya nyuzi 4 huyeyusha gesi zaidi ya mara mbili ya maji ya nyuzi 30. Legeza kifuniko kidogo kidogo, ukikaza tena povu linapopanda. Kinywaji kinachobaki kisitoke kwenye friji, maana hamira ingali hai.