Namna ya kuandika historia ya kijiji cha wakulima ambacho hakuna aliyekiandikia mwaka

Ukimwuliza mzee wa Sironko au Bududa, mashariki mwa Uganda, kisima cha kijiji kilichimbwa mwaka gani, atakutajia mwaka. Atautaja kwa ukarimu tu, ili usiondoke mikono mitupu, na mara nyingi mwaka huo si wenyewe. Muulize badala yake: kisima kinachimbwa, mtoto gani alikuwa bado anabebwa mgongoni? Nani alikuwa ameshatahiriwa? Kahawa ya shamba la juu ilikuwa imeanza kuzaa? Hapo utapata kitu cha kushika. Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kuandika kijiji kimoja kwa daftari, simu na miguu yake. Mifano mingi ni ya miteremko ya Mlima Elgon, ila njia ni ile ile hata Busoga au Masaka.

Ardhi kwanza, yaani usiiguse

Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na umweleze mbele ya mtu mwingine unachotafuta. Mgeni mwenye daftari anayeuliza nani alilima hapa kwanza anaonekana mpimaji, au mtu aliyetumwa na ndugu mwenye kesi. Kwa hiyo usibebe kamba wala utepe wa kupimia wiki ya kwanza. Habari za mipaka zikija zenyewe, na zitakuja, ziandike kama kauli ya msemaji: "anasema mpaka ulipita kwenye drasena", mmea unaopandwa mipakani. Kamwe usiandike "mpaka unapita hapa". Daftari lako linaweza kuombwa kwenye shauri la ardhi, na sentensi hiyo ya pili itakugombanisha na nusu ya kijiji.

Kilo ya sukari au mche wa sabuni ni adabu ya mgeni. Pesa taslimu usitoe. Ukimlipa mmoja, anayefuata atakuwa na historia ndefu kuliko umri wake.

Kutafuta mwaka bila kuuliza mwaka

Kwenye kurasa mbili za mwanzo andika matukio ambayo tarehe zake zinajulikana na ambayo kila kaya iliyaona kwa macho: Vita Kuu ya Pili kuisha na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kurudi nyumbani kuanzia 1945, ushirika wa kahawa wa Bugisu, 1954, mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, zilizofuatiwa na uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Amin kuchukua nchi Januari 1971, Wahindi kupewa siku 90 za kuondoka nchini mnamo Agosti 1972, Amin kuanguka Aprili 1979, NRM ya Museveni kuingia Kampala Januari 1986, pesa kubadilishwa Mei 1987, shule ya msingi bila karo 1997. Tukio la 1972 lina faida ya pekee, kwa sababu kila senta ya biashara ina duka lililobadilisha mwenyewe, na watu wanakumbuka kilichouzwa humo kabla na baada.

Wagisu, watu wa miteremko hii ya Elgon, wana kalenda nzuri kuliko hiyo yote. Imbalu, yaani tohara ya vijana wa kiume, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila rika hupewa jina lake. Kusanya majina ya rika ya kijiji chako kutoka la sasa kurudi nyuma, miaka miwili miwili, mpaka wazee washindwe. Usinakili orodha ya kijiji kingine, maana majina hutofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine. Mtu akisema alitahiriwa 1979, usimbishie. Muulize kama ilikuwa kabla Amin hajakimbia au baadaye. Akisema kabla, mara nyingi ni 1978. Baadaye, ni 1980.

Sasa turudi kwenye kile kisima. Mama anasema kilichimbwa mwanawe wa kwanza akiwa ameanza kukaa, hajatambaa. Mtoto huyo alitahiriwa na rika la 1986. Vijana wengi huingia imbalu kati ya miaka 16 na 22, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1964 na 1970. Mtoto hukaa akiwa na miezi sita hivi. Mpaka hapo una nafasi ya miaka sita, ambayo ni pana mno. Omba kuona kadi ya ubatizo. Ikisema alizaliwa Februari 1968, kisima ni cha katikati ya 1968. Andika hesabu yote pembeni, si jibu peke yake, ili kadi nyingine ikitokea mtu aweze kuirekebisha.

Kahawa nayo husaidia. Arabika huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, hivyo "ilikuwa imeanza kuzaa" maana yake ilipandwa miaka mitatu hivi nyuma. Uliza aina pia. Arabika iitwayo Nyasaland ndiyo ya mababu. SL14 na SL28 zilifuata baadaye.

Nani wa kumwuliza, na namna ya kurekodi

Wazee wa kiume watakupa koo, machifu na ugomvi. Wanawake watakupa majina ya mbegu za maharage, njia za zamani za kwenda mtoni, na bei. Mwanamke aliyeolewa kutoka kijiji kingine ni shahidi wa thamani sana: aliingia na macho ya mgeni, na anajua siku aliyoingia. Zungumza na kila mtu peke yake. Ukiwakusanya kumi chini ya mwembe, mmoja atasema na tisa wataitikia, nawe utadhani una mashahidi kumi.

Omba ruhusa, kisha uirekodi hiyo ruhusa. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu nusu mita kutoka mdomoni. Ukiiweka juu ya meza tupu, kila kikombe kitasikika kama nyundo. Mvua ikianza kugonga mabati, acha kurekodi uandike kwa mkono. Saa moja ya sauti katika ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 58. Ukiituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Nakala ya pili ikae kwenye simu ya mtu mwingine jioni hiyo hiyo.

Kuandika maneno ya saa moja hula saa nne hadi sita. Msemaji akichanganya Kigisu na Kiswahili, acha maneno ya kilimo na chakula katika lugha yake, kisha ueleze. Ukigeuza malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kuwa "mboga", umefuta mianzi, moshi wa kuikaushia na msitu ilikotoka. Uliza pia ni lini watu walianza kukatazwa kuikata msituni. Hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa 1993.

Siku ya kawaida

Maisha ya kila siku hayasimuliwi yakiombwa kwa jumla. Ukimwambia mtu akueleze maisha ya zamani, atasema yalikuwa mazuri. Weka mawe kumi na mawili chini kwa ajili ya miezi, umpe punje za mahindi 40, na umwambie azigawe: punje nyingi mwezi wenye kazi nyingi. Rudia kwa njaa, kisha kwa pesa mkononi. Safu hizo tatu zikiwa chini pamoja, mwenyewe ataanza kukueleza kwa nini mwezi wa palizi ndio ulikuwa mwezi wa kukopa.

Vipimo ndivyo vinavyowaangusha wengi. "Debe" la mahindi si uzito mmoja na debe la kahawa mbichi. Jaza, pima kwenye mizani, andika kilo. Bei zina mtego mbaya zaidi. Mwaka 1987 shilingi 100 za zamani zilikuwa shilingi 1 mpya, kwa hiyo bei ya 1985 na ya 1990 haziwekwi kwenye jedwali moja bila kuondoa sifuri mbili. Na ukiandika saa, sema ni saa za Kiswahili, la sivyo atakayetafsiri atawaamsha wakulima saa sita kabla ya wakati.

Karatasi zinazodanganya kidogo

Tiketi za kodi ya kichwa, iliyofutwa 2005, bado zimo kwenye masanduku mengi, na zina jina na mwaka. Vitabu vya ubatizo vya parokia na stakabadhi za ushirika ni vizuri vilevile. Angalia jina la wilaya: karatasi ya 1995 ya kijiji kilichopo Bulambuli leo itasema Mbale, kwa sababu Sironko ilikatwa kutoka Mbale mwaka 2000 na Bulambuli ikakatwa kutoka Sironko 2010. Kijiji nacho huenda kiligawanywa kuwa A na B. Jiwe la msingi la shule huonyesha mwaka wa jengo. Shule yenyewe huenda ilianza chini ya mti miaka 20 nyuma.

Idara ya upimaji na ramani, Entebbe, ina ramani za 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1. Tembea nayo pamoja na mzee mmoja na kijana mmoja, kutoka juu ya kijiji hadi mtoni. Mtuba, mti wa nguo za magome, mkubwa uliosimama peke yake katikati ya shamba, au drasena zisizo kwenye mpaka wowote wa leo, mara nyingi ni boma au kaburi la zamani. Simama hapo, nyamaza, umwache mzee aanze.

Ukimaliza, chapa nakala tatu: ya LC1, ya shule, na moja ya kusomwa kwa sauti mkutanoni. Acha kila ukurasa wa kulia mtupu, na kalamu ifungwe kwa uzi kwenye jalada, maana masahihisho yataanza kabla hujafika ukurasa wa tatu.