Somo: Kupima risasi za 9.3x74R kwenye bunduki ya kuvunja, kabla ya kuingia porini

Ndugu zangu wa Tabora, msimu hufunguliwa Julai na maswali yameanza kumiminika. Somo hili ni la wenye leseni ambao bunduki yao ni ya mtutu mmoja, ile ya kuvunja katikati, unaweka risasi moja na kufunga. Nachukua risasi aina ya 9.3x74R kwa sababu wenye nayo ni wachache na risasi zake ni adimu. Mwenye bunduki ya risasi za .30-06 akipoteza tano, kesho atanunua nyingine. Wewe huna nafasi hiyo, kwa hiyo kila risasi utakayopiga kwenye karatasi lazima ikufundishe kitu.

Na usiache kupima kwa kuwa bunduki "ilikuwa sawa mwaka jana". Mnyama aliyejeruhiwa kwenye miombo hafuatwi na wewe peke yako. Anayetangulia kusoma damu na nyayo ni mfuata nyayo, na yule hana bunduki mkononi. Karatasi ni kwa ajili yake.

Hatua ya kwanza: hakikisha risasi na mtutu ni ndugu. Soma maandishi kwenye mtutu, kwenye sanduku, na kwenye kitako cha ganda. Iko 9.3x62 pia, maarufu zaidi, na vichwa vya risasi vina kipenyo kilekile. Lakini ganda la 62 ni fupi na halina ukingo. Ganda la 74 lina urefu wa karibu milimita 75 na ukingo unaotokeza chini. Kwenye bunduki ya kuvunja, ukingo huo ndio unaozuia ganda lisizame chembani (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), na ndio unaoshikwa na kitoa ganda. Usijaribu moja mahali pa nyingine.

Kisha angalia uzito wa kichwa na namba ya toleo kwenye sanduku. Greni 286 (gramu 18.5) ndiyo ya kawaida, lakini zipo za greni 232 pia, na hazitapiga mahali pamoja. Chagua uzito mmoja. Ukiweza, nunua masanduku mawili ya toleo moja: moja la kupimia, moja la porini. Toleo likibadilika, unapima upya.

Hatua ya pili: bunduki yenyewe. Futa mafuta yote ndani ya mtutu kwa kitambaa kikavu, maana risasi ya kwanza kwenye mtutu wenye mafuta huenda kwake peke yake. Kaza skrubu za darubini. Kagua ubao wa mbele, ule wa chini ya mtutu unaoshikwa na mkono wa mbele; kama unacheza, ukaze. Bunduki nyingi za kuvunja ubao huu umefungwa moja kwa moja kwenye mtutu, kwa hiyo ukiukandamiza unausukuma mtutu. Hapa ndipo wengi wanailaumu risasi isiyo na kosa.

Hatua ya tatu: mahali. Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, wenye tuta la udongo nyuma. Kichuguu si tuta, na shamba la mtu si uwanja. Nenda asubuhi mapema. Kufika saa nne jua la Tabora linafanya hewa ichezecheze juu ya ardhi, na karatasi unaiona inaogelea.

Hatua ya nne: anza mita 25. Weka ubao wa mbele juu ya kiroba cha mchanga, karibu na bawaba, si mbele kwenye mtutu mtupu. Tia alama ya chaki pale ubao unapokaa ili kila risasi ipigwe kutoka palepale. Kiroba kingine kiwe chini ya kitako. Piga moja. Kwa darubini ambayo kila mlio (ile "tik" moja) wa kizungushio cha kurekebishia husogeza sentimita 1 kwenye mita 100, hapa mlio huohuo unasogeza milimita 2.5 tu. Ukikuta tundu liko sentimita 5 chini ya unapotaka, ni milio 20. Piga ya pili kuthibitisha. Tundu likikaa kama sentimita 1 chini ya alama, kwenye mita 100 hutakuwa mbali.

Hatua ya tano: mita 100, risasi tatu. Kati ya moja na nyingine, vunja bunduki, iache wazi kivulini hadi mtutu usiunguze kiganja. Andika kila tundu ni la ngapi. Usiguse darubini kwa sababu ya tundu moja. Pima katikati hadi katikati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi: yakiwa ndani ya sentimita 6, inatosha kabisa kwa miombo, ambako mara nyingi huoni mnyama zaidi ya mita 100. Ukisogeza kundi hadi sentimita 4 au 5 juu ya alama, risasi ya greni 286 itakuwa karibu na alama yenyewe kwenye mita 150.

Kila ganda linalotoka, liangalie. Fataki (kile kidonge cha kuwashia kwenye kitako cha ganda) iliyobapa na kujaa pembeni, ganda linalogoma kutoka, moshi mweusi shingoni hadi chini: simama, usipige nyingine, mpelekee fundi mwenye leseni.

Hatua ya sita ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Bunduki ipumzike hadi kesho yake, mtutu baridi, halafu piga risasi moja tu, umesimama, bunduki ikiegemea fimbo tatu zilizofungwa pamoja, mita 70 hivi. Tundu hilo ndilo litakalompata mnyama.

Maswali ya wanachama

Kutoka Urambo: Shikamoo mzee. Nina sanduku moja tu la risasi 20. Nitumie ngapi?

Marahaba mwanangu. Mbili kwenye mita 25, tatu mita 100, tatu tena baada ya kurekebisha, moja ya asubuhi. Tisa. Zikizidi hapo, kasoro iko kwenye skrubu au begani mwako.

Kutoka Kaliua: Mbili za kwanza zinakaa pamoja, ya tatu inapanda juu. Nibadilishe risasi?

Hapana kaka. Matundu yanayopanda kwa mstari ni joto la mtutu, au ubao wa mbele. Ngoja zaidi kati ya risasi, kagua ubao. Kama mbili za kwanza zinakaa pamoja kila mara, bunduki hiyo inafaa kuwindia.

Kutoka Sikonge: Wamarekani wanajaza maganda wenyewe na kuyapima kwenye bastola za risasi moja. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Wanafanya, hasa tangu bastola ya Contender ilipotoka mwaka 1967, kwa sababu mtutu mfupi unataka baruti iliyopimwa kwa ajili yake, na aina nyingi za risasi hizo hazitengenezwi kiwandani. Hapa kwetu kutengeneza risasi bila kibali ni kosa kisheria. Tafuta risasi ya kiwanda inayoelewana na mtutu wako.

Kutoka Nzega: Marehemu baba aliacha risasi za zamani, nyingine zina kutu ya kijani. Nizipime?

Pole sana ndugu yangu. Usizipige, usizigonge, usizisugue. Nenda polisi uwaeleze zilipo wazichukue, pamoja na bunduki kama leseni ilikuwa ya marehemu.

Kutoka Uyui: Naweza kwenda nayo kwa nyati?

Hapana. Kwa nyati kiwango cha chini nchini ni .375 (kipenyo kwa inchi), na kichwa cha 9.3 ni .366. Kongoni, pofu, ngiri, sawa, kama wameandikwa kwenye kibali chako.

Kutoka Igunga: Nahisi nafumba macho kabla ya mlio. Nitajuaje?

Mwambie mwenzako akupakilie bila wewe kuona, mara risasi nzima, mara ganda lililokwisha kufyatuliwa, akukabidhi bunduki imefungwa. Siku ya ganda tupu, angalia ncha ya mtutu: ikichomoka kwenda chini unapovuta triga, umejijua. Rudia na maganda matupu hadi mtutu utulie, ndipo urudi kwenye karatasi.