Kuvusha runinga na kompyuta Horohoro bila kupata hasara

Runinga iliyonunuliwa kwa bei poa Mombasa, ikivushwa mpaka wa Kenya na Tanzania pale Horohoro, inaweza kufika Ngamiani, Tanga, ikiwa ghali kuliko ile iliyokuwa dukani Ngamiani tangu mwanzo. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kutoa pesa, usingoje dirisha la forodha.

Runinga iko kwenye kundi la ushuru wa 25%. Ushuru huo hukokotolewa juu ya bei ya kununulia pamoja na usafiri na bima hadi mpakani, kisha VAT ya 18% hutozwa juu ya jumla yenye ushuru ndani yake. Ikiwa thamani ni shilingi 1,000,000, ushuru ni 250,000, na VAT ni 18% ya 1,250,000, yaani 225,000. Jumla 475,000, na bado kuna tozo ndogondogo kama ile ya reli. Wengi hujumlisha 25 na 18 wakapata 430,000, halafu wanadhani wameonewa. Kompyuta mpakato haina ushuru wa forodha, inabaki na VAT na tozo. Ndiyo maana kufuata kompyuta nje mara nyingi kunalipa, na kufuata runinga moja mara nyingi hakulipi.

Kosa kubwa zaidi ni kuamini kwamba kitu kikitoka Kenya hakitozwi kwa sababu sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msamaha wa Jumuiya unafuata mahali bidhaa ilipotengenezwa. Simu ya China haigeuki kuwa ya Kenya kwa kuuzwa Mombasa, na cheti cha uasili hakitaisaidia.

Upo pia msamaha wa abiria, kwa vitu vya matumizi yako ulivyobeba mwenyewe. Una kikomo cha thamani na sharti la kuwa nje zaidi ya saa 24, kwa hiyo aliyeondoka Tanga alfajiri na kurudi jioni asiutegemee. Simu nne za aina moja kwenye maboksi yake zitahesabiwa kuwa biashara hata ukisema ni za wadogo zako.

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe, modeli na bei halisi. Ukikosa risiti, au bei iliyoandikwa ikiwa ndogo mno, afisa atatumia thamani ya bidhaa inayofanana, na hiyo mara nyingi ni kubwa kuliko uliyolipa.

Ukitoka Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, taratibu za nchi zote mbili hufanyika upande wa Horohoro. Teremka na mzigo, utangaze kabla hujaulizwa, subiri ukadiriwe, pokea namba ya kumbukumbu ya malipo, lipa, chukua stakabadhi. Kinachowakwamisha watu ni pesa: basi linangoja, salio liko kwenye laini ya Kenya. Weka hela kwenye laini yako ya Tanzania kabla ya safari. Stakabadhi itunze, kwani unaweza kukaguliwa tena njiani. Njia za panya na bandari bubu ziache kabisa, maana mzigo na chombo kilichoubeba vyote vinaweza kutaifishwa.

Kabla ya kulipa dukani, soma kibandiko cha umeme. Kwetu ni 230V, 50Hz. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida. Kifaa cha Japani cha 100V au cha Marekani cha 120V kitaungua bila transfoma. Runinga iwe na DVB-T2, yaani mfumo wa kupokea matangazo ya dijitali kwa antena, la sivyo utahitaji king'amuzi. Kwa simu, bonyeza *#06#, kisha tuma namba ya IMEI itakayotokea, yaani ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 ukiwa na laini ya Tanzania inayopata mtandao. Namba ikiwa ya bandia, usinunue.

Kwenye basi runinga isafiri imesimama, kwa sababu ikilazwa chini ya magunia kioo hupasuka kwa ndani na boksi linabaki zima. Iwashe ukiwa bado dukani, kwani kurudisha kitu Mombasa ni safari nyingine yenye maswali yake ya forodha.