Redio ya Setilaiti Marekani na Kanada: Nani Ailipie, Aifunge Vipi Garini na Nyumbani

Anayefika Dallas, Minneapolis au Calgary na kununua gari hukuta kwenye redio kitufe ambacho hakikuwepo kwenye Probox wala Noah ya nyumbani: SXM, yaani redio ya setilaiti ya kampuni ya SiriusXM. Mara nyingi kinafanya kazi bure kwa miezi 3 ya majaribio, kisha zinaanza barua na simu za kukutaka ulipie. Ushauri wetu ni huu: lipia kama unaendesha mbali, kwenye barabara ambazo mtandao wa simu hukatika. Nyumbani programu ya simu inatosha kwa walio wengi. Na kama unachotafuta ni Kiswahili, pesa hiyo ipeleke kwenye bando la intaneti, maana huko angani hutakipata.

Kampuni ni moja tu. XM ilianza kurusha matangazo Septemba 2001, Sirius ikafuata 2002, zikagombania wateja hadi zilipoungana Julai 2008 kuwa SiriusXM. Kwa hiyo unachochagua siku hizi ni kifurushi, kifaa, na bei utakayokubali. Kanada ina kampuni yake, SiriusXM Canada, yenye akaunti na bei zake. Ukihama kutoka Ohio kwenda Ontario unafunga akaunti ya kwanza na kufungua nyingine, hata kama redio ni ileile.

Kabla ya kununua chochote, elewa mawimbi yanavyofika, kwa sababu matatizo mengi yanaanzia hapo. Matangazo hutumia masafa ya 2.3 GHz, ambayo hayapindi kona wala kupenya zege kama FM. Setilaiti za upande wa XM zimekaa juu ya ikweta, kwenye nyuzi 85 na 115 magharibi, kwa hiyo aliye Marekani au Kanada huziona upande wa kusini. Ukiwa Dallas, ile ya nyuzi 85 iko juu vizuri, karibu nyuzi 50 kutoka upeo wa macho. Ukiwa Edmonton hata ya nyuzi 115 haifiki 30, na hapo jengo la ghorofa nne au mstari wa miti upande wa kusini unatosha kuikata. Mijini kampuni imeweka minara ya ardhini inayorudia mawimbi, ndiyo maana katikati ya Chicago redio inaimba bila shida, halafu inanyamaza kwenye bonde lenye miti mingi huko West Virginia. Majani yaliyolowa ni mabaya kuliko makavu. Chini ya daraja redio hutumia sekunde chache ilizojiwekea akiba. Kwenye gereji ya chini ya ardhi, usiitarajie.

Kwenye gari

Kwanza angalia kama gari lina kipokezi tayari. Weka redio kwenye chaneli namba 0: ikiwa kipokezi kipo, utaona namba ya utambulisho wa redio. Ya upande wa XM ina tarakimu na herufi 8, ya Sirius ina tarakimu 12. Herufi I, O, S na F hazitumiki kwenye namba za XM, kwa hiyo kinachofanana na O ni sifuri na kinachofanana na S ni tano. Kosa la kunakili hapa husababisha malipo kwenda kwenye redio ambayo si yako, au mfumo kukataa. Piga picha namba hiyo, uihifadhi kwenye simu.

Kuiwasha: lipeleke gari mahali pa wazi, injini ikiwa imewashwa, redio iwe kwenye chaneli 1, kisha omba mawimbi ya uanzishaji kupitia tovuti ya kampuni au kwa simu. Acha gari palepale hadi chaneli nyingine zifunguke. Kwa kawaida ni dakika chache. Wanaofanya hivi ndani ya gereji ndio wanaolalamika kwamba wamelipa na hakuna kitu. Ukilipaki gari miezi mingi, kwa mfano ulisafiri nyumbani, redio inaweza kupoteza idhini. Omba mawimbi hayo tena, hulipi mara ya pili.

Magari mapya kiasi yana mfumo wa 360L, ulioanza na lori dogo la Ram 1500 mwaka 2018. Huu unachanganya setilaiti na intaneti ya gari. Ni mzuri, ila sehemu ya vipindi vya kuchagua mwenyewe hutegemea modemu ya gari, na usajili wa modemu ukiisha unabaki na chaneli za setilaiti peke yake.

Gari lisilo na kipokezi linahitaji redio ndogo ya kubebeka, kishikizo chake, waya wa umeme na antena ya sumaku. Antena hiyo ikae juu ya paa la chuma, na izungukwe na chuma si chini ya sentimita 8 kila upande, kwa sababu bati lenyewe ni sehemu ya antena. Ukiibandika kwenye dashibodi chini ya kioo chenye utando wa metali, umejinyima mawimbi kabla hujaanza. Waya upitishe kwenye mpira wa mlango wa nyuma au boneti ya nyuma, usiubane kwenye bawaba. Waya uliobanwa hukatika ndani polepole, na dalili yake ni redio inayokata gari likiruka matuta.

Madereva wa trela wana tatizo lao. Paa la kichwa cha lori mara nyingi ni faiba, si chuma, na sumaku haishiki. Funga antena kwenye mkono wa chuma wa kioo cha pembeni au kwenye bamba la chuma la ukubwa wa sahani juu ya paa. Hakikisha trela refu lililo nyuma haliizibi ukielekea kaskazini, maana wakati huo setilaiti ziko mgongoni kwako. Huu ndio ufungaji unaostahili gharama kuliko wote: anayetoka Columbus kwenda Salt Lake City anapita Wyoming kwa saa nyingi, na huko simu inakatikakatika lakini mbingu iko wazi.

Sauti kutoka redio ndogo kwenda spika za gari: tumia waya wa AUX kama tundu lipo. Kirusha-FM kidogo hufanya kazi, ila mjini masafa yamejaa na kila ukiingia mji mwingine utatafuta nafasi upya. Watu wengi husema setilaiti ni mbaya kumbe kinachokoroma ni hicho kirushaji.

Ujumbe wa kioo cha redio haumaanishi kitu kimoja. “No Signal” ni mbingu: sogea. “Check Antenna” ni waya: umechomoka, umekatika, au fundi aliyebadilisha kioo au paa hakurudisha plagi. Chaneli kukataa kufunguka huku chaneli 1 ikisikika ni usajili: omba mawimbi upya au angalia kama kadi imekataliwa. Ikikatika sehemu ileile kila siku karibu na mnara wa simu, kuna mitandao ya simu inayotumia masafa jirani na 2.3 GHz, hapo hakuna cha kutengeneza.

Nyumbani

Programu ya SiriusXM kwenye simu, runinga au spika ya intaneti ndiyo njia rahisi, na kwa muziki ni afadhali, kwa sababu sauti ya setilaiti imebanwa sana ili chaneli nyingi zienee. Mazungumzo na mpira huwezi kuona tofauti; gitaa na matoazi utaona. Angalia kama kifurushi chako cha gari kinajumuisha programu kabla hujanunua cha pili.

Kifaa cha setilaiti nyumbani kina maana kwa anayeishi shambani au mahali pasipo intaneti ya uhakika. Nunua redio ileile ya kubebeka pamoja na kishikizo cha nyumbani: namba ni moja, usajili ni mmoja, unaihamisha kati ya gari na sebule. Antena iwekwe dirisha la kusini. Ukiwa pwani ya mashariki igeuze kusini ikielekea kidogo magharibi. Ukiwa Seattle au Portland, kusini ikielekea kidogo mashariki. Sogeza polepole ukitazama vipimo vya mawimbi kwenye menyu, ukisubiri sekunde kadhaa kila mara kwa sababu vipimo huchelewa. Vioo vya kisasa vya kuzuia baridi vina utando wa metali, hivyo ikigoma ndani toa antena nje. Ghorofa yenye madirisha ya kaskazini tu haifai, usipoteze pesa.

Kiswahili kiko wapi

Chaneli za huduma hii ni za Kiingereza, Kihispania na, hasa kwa Kanada, Kifaransa. BBC World Service ya Kiingereza utaipata. Idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI, pamoja na stesheni za nyumbani kama Radio Citizen na TBC Taifa, zisikilize kwa intaneti kupitia Bluetooth ya gari. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde hula kama MB 29 kwa saa. Ya kilobiti 128 hula mara mbili. Saa 2 kila siku kwa mwezi ni kama GB 1.7 au 3.5. Vipindi vilivyorekodiwa pakua kwa Wi-Fi kabla ya kuondoka.

Saa zikumbuke: habari ya saa 2 usiku ya Dar es Salaam au Nairobi inafika Minneapolis saa 6 mchana majira ya joto, na saa 5 asubuhi baada ya saa kurudishwa nyuma Novemba. Kipindi cha asubuhi cha saa 12 utakisikia New York saa 5 au saa 4 usiku, kabla ya kulala.

Walioko Uingereza na Ulaya hawana huduma ya namna hii ya magari. Huko redio ya gari ni DAB+, yaani redio ya kidijitali inayorushwa na minara ya ardhini, na tangu Desemba 2020 magari mapya ya Umoja wa Ulaya yenye redio lazima yapokee matangazo ya kidijitali. Uingereza kuna programu za kukusanya stesheni zinazofungia nyingi za nje kwa sababu ya haki za muziki, kwa hiyo tumia tovuti ya stesheni yenyewe.

Bei na kujitoa

Bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo ni ya muda. Uliza mambo matatu na uandikiwe majibu: bei baada ya ofa kuisha, tarehe yenyewe, na jumla ukiongeza ada ya mirabaha ya muziki na kodi. Usajili hujirudia wenyewe. Weka kikumbusho siku 10 kabla. Wengi wanaopiga kujitoa hupewa bei ya chini zaidi, na si aibu kuikubali. Ukikataa, kataa kwa kifupi na udai namba ya uthibitisho. Ugumu wa kujitoa si uvumi: Desemba 2023 Mwanasheria Mkuu wa New York aliishtaki kampuni hiyo kwa sababu hiyohiyo. Ukiuza gari, ondoa redio yake kwenye akaunti siku hiyohiyo. Ukinunua redio iliyotumika, taja namba yake kwa kampuni kwanza, uulize kama bado inaweza kuwashwa.

Anayesafirisha gari la Marekani kwenda Kigali, Bujumbura au Lubumbashi aelewe kwamba setilaiti hizi hazielekezi mawimbi Afrika. Setilaiti ya redio ya AfriStar, ya kampuni ya WorldSpace, iliyorushwa Oktoba 1998 kwa ajili ya bara letu, ilikuwa mfumo mwingine kabisa, na kampuni yake ilifilisika 2008. Vipokezi vyake vinavyouzwa kwenye mitandao ni mapambo. Kitufe cha SXM kitakufa bandarini. FM nayo ina mtego: redio ya Marekani huruka masafa kwa 0.2, kutoka 98.3 kwenda 98.5, kwa hiyo stesheni ya 98.4 hutaipata sawasawa. Tafuta kwenye menyu mpangilio wa eneo na uweke hatua ya 0.1 kabla gari halijapakiwa, maana kwenye baadhi ya magari mpangilio huo hubadilishwa kwa kifaa cha wakala tu.