Somo: Kuomba fedha za mpito chuoni, ruzuku moja inapokwisha na nyingine haijaingia

Ndugu watafiti mlioko kwenye vyuo vya tiba na afya ya jamii hapa Marekani, somo hili ni la wale ambao R01 yao, yaani ruzuku kuu ya mradi wa utafiti kutoka NIH (Taasisi za Taifa za Afya za Marekani), inakaribia ukingoni na andiko lililofuata halijapata fedha. Mimi niko upande wa ofisi. Nasoma maombi ya fedha za mpito kabla hayajapelekwa kamati, na kinachoniuma ni kwamba mengi yanayokataliwa yalistahili. Yanakataliwa kwa kuchelewa, au kwa sababu mwombaji ameiandikia kamati ya chuo kana kwamba anaiandikia NIH.

Kamati ya chuo haipimi sayansi yako upya. Inajiuliza mambo mawili: tukimpa huyu fedha, ruzuku ya nje itaingia? Na tusipompa, kipi kitapotea kisichorudishika? Jibu hayo mawili na umemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Hatua ya 1: Hesabu pengo kwa kalenda

Kwa miaka mingi andiko jipya la R01 limekuwa likipokelewa 5 Februari, 5 Juni na 5 Oktoba. Andiko lililorekebishwa, au la kuhuisha ruzuku iliyopo, hupokelewa 5 Machi, 5 Julai na 5 Novemba. Tuseme ruzuku yako inakwisha 30 Juni. Uliomba kuihuisha Novemba, watathmini wakakaa Februari, ukakosa kidogo. Unarekebisha na kuwasilisha tena 5 Julai. Watathmini wanakaa Oktoba au Novemba, baraza la taasisi husika ya NIH linakaa Januari, na fedha hazitarajiwi kabla ya Aprili. Hapo pengo ni miezi tisa, na mambo yote yamekwenda sawa.

Mara nyingine hayaendi sawa. Serikali ya shirikisho ilipofungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, vikao vya tathmini vya kipindi hicho viliahirishwa na ratiba za watu zikavurugika. Kwa hiyo ombi la fedha za mpito liandikwe mara tu unapopata muhtasari wa tathmini (hati ya maoni ya watathmini), wakati akaunti ya ruzuku bado ina kitu. Usisubiri Juni.

Hatua ya 2: Maliza kwanza njia za NIH

Kama kuna salio, uliza juu ya kurefusha muda wa mradi bila nyongeza ya fedha. Kwa kawaida mara ya kwanza ni hadi miezi 12, na taarifa inatakiwa ifike siku 10 au zaidi kabla ya mradi kufikia tarehe ya mwisho. Zamani ofisi ya chuo ilibofya tu kwenye eRA Commons, mfumo wa mtandaoni wa NIH wa kusimamia ruzuku. Mwaka 2025 njia hiyo iliwahi kusimamishwa, kwa hiyo thibitisha na ofisi ya ruzuku mapema.

Halafu mpigie simu ofisa wa programu, yaani ofisa wa NIH anayeshughulikia andiko lako. Kuna ruzuku iitwayo R56, ya mwaka mmoja au miwili, ambayo huwezi kuiomba mwenyewe: taasisi ya NIH ndiyo inayochagua miongoni mwa maandiko ya R01 yaliyokosa kwa kiasi kidogo. Ofisa wa programu hawezi kukuahidi chochote, lakini maneno yake juu ya alama zako, kama atakubali uyanukuu, yana uzito mkubwa mbele ya kamati ya chuo.

Hatua ya 3: Jua fedha ziko kwa nani

Vyuo vinatofautiana. Kwingine fungu liko ofisi ya makamu wa utafiti, kwingine kwa mkuu wa kitivo, kwingine idara ndiyo inayotangulia na kitivo kinaongeza kiasi kilekile. Soma masharti neno kwa neno. Utakutana na haya: uwe umewahi kushika ruzuku ya nje kama mtafiti mkuu, uambatishe muhtasari wa tathmini, uwasilishe andiko tena katika duru inayofuata, na salio lirudi chuoni siku ruzuku mpya inapoingia. Mshahara wa mtafiti mkuu mara nyingi haulipwi, ila baadhi ya vitivo vya afya ya jamii ambako watu wanategemea ruzuku kwa mishahara yao hulegeza hapo.

Hatua ya 4: Amua kisichoweza kusimama

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Watu wanaandika orodha ya kila kilichokuwa kwenye bajeti ya zamani, wanaipunguza kidogo, wanaiita mpito. Kamati inaona mara moja.

Anza na watu. Mtaalamu wa maabara aliyekaa nawe miaka sita anajua sampuli ipi iko kwenye jokofu lipi na kwa nini kipimo fulani hugoma. Akiondoka Agosti, ruzuku ikiingia Aprili utatumia mwaka mzima kumfundisha mwingine. Huyo analipiwa. Msaidizi ambaye kazi yake ilikuwa ya mradi uliokwisha, kwa uchungu wote, mtafutie nafasi kwingine chuoni mapema, na umwambie ukweli wakati bado ana muda wa kutafuta. Kumficha mtu hali ya fedha za mshahara wake hadi wiki ya mwisho ni kumdhulumu.

Kisha wafuatiliwaji. Kama una washiriki unaowapima kila baada ya miezi sita, mshiriki aliyekosa kipimo cha mwezi wa 24 hakipati tena. Hilo ni hoja nzito kuliko unavyodhani, liandike wazi.

Koloni ya panya nayo ni hoja, lakini jiandae kwa swali: kwa nini usigandishe mbegu au viinitete? Jibu zuri ni kugandisha aina zisizotumika sasa na kubakiza vizimba vya aina inayohitajika kwa majaribio waliyoyaomba watathmini.

Safari za mikutano, kompyuta mpya na mashine: toa vyote.

Hatua ya 5: Andika ombi

Kurasa mbili zinatosha. Ombi ninaloliona mara kwa mara linasema: “Naomba dola 75,000 ili kuendeleza shughuli za maabara nikisubiri ufadhili.” Sasa soma hili:

“Naomba dola 74,634 kwa miezi tisa, 1 Julai hadi 31 Machi. Dola 56,550 ni mshahara na mafao ya mtaalamu wa maabara mmoja. Dola 18,084 ni vizimba 60 vya panya kwa dola 1.10 kwa siku, kwa siku 274. Idara imekubali kulipa nusu, dola 37,317. Watathmini walikuwa na hoja tatu. Mbili zimejibiwa kwa data zilizoambatishwa, ya tatu inajibiwa na jaribio litakalokamilika kabla ya 5 Julai. Tukikosa, andiko jipya litawasilishwa 5 Februari.”

Msomaji wa ombi la pili hana la kuuliza. Anajua nani analipwa, kwa siku ngapi, hoja za watathmini zimefikia wapi, na mambo yakiharibika utafanya nini. Tafadhali usiwalaumu watathmini hata kama mmoja hakusoma vizuri. Wanakamati wengi nao ni watathmini wa NIH.

Hatua ya 6: Mkuu wa idara kabla ya fomu

Nenda ukamwone mwenyewe, na bajeti mkononi. Barua yake ikitaja kiasi cha dola, ina nguvu. Ikisema tu “tunamuunga mkono”, haina.

Hatua ya 7: Ukishapata

Fungua akaunti yake peke yake. Hati ya ruzuku mpya ikikaribia, kumbuka kwamba NIH kwa kawaida huruhusu gharama za hadi siku 90 kabla ya ruzuku kuanza, kwa hatari ya chuo chenyewe. Ofisi ikikubali kufungua akaunti ya ruzuku mpya mapema, fedha za mpito zitakazobaki zinamfaa mwenzako anayefuata.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Andiko langu halikujadiliwa kabisa kikaoni. Nina haja ya kuomba?*

Marahaba mdogo wangu. Kila kikao huacha sehemu kubwa ya maandiko bila kuyajadili, kwa hiyo usijione uko peke yako. Vyuo vingine vinataka alama ya jumla, ambayo andiko lisilojadiliwa halina, hapo mlango umefungwa. Visivyotaka, soma maoni ya mtathmini mmoja mmoja. Kama udhaifu ni wa mbinu na unarekebishika, omba. Kama wanasema swali lenyewe halina umuhimu, andika andiko jipya kwanza.

*Kaka yangu ni mtafiti wa baada ya uzamivu kwenye maabara yangu, yuko kwa viza ya kazi ya H-1B. Naweza kumshusha awe nusu muda hadi fedha ziingie?*

Usifanye hivyo kabla ya kuongea na ofisi ya viza ya chuo. Kumtoa muda wote kwenda nusu muda kunahitaji ombi lililorekebishwa lipelekwe uhamiaji kwanza. Na ajira ikikoma, muda wa neema wa kubaki nchini ni hadi siku 60 tu. Tena, kwa kuwa ni ndugu yako, chuo kina masharti yake juu ya kumsimamia jamaa. Hakikisha mpangilio wenu umeandikwa na kukubaliwa kabla jina lake halijaingia kwenye bajeti.

*Mwenzangu ana R01 yenye salio. Amekubali kumlipa mtaalamu wangu kwa miezi mitatu. Kuna ubaya?*

Upo, kama mtaalamu ataendelea kufanya kazi yako. Kanuni za shirikisho zinakataza gharama ya mradi mmoja kuhamishiwa ruzuku nyingine ili kuziba upungufu. Kama kweli atafanya kazi ya mwenzako kwa asilimia fulani ya muda wake, na rekodi za muda zikaonyesha hivyo, hakuna tatizo.

*Mimi nashirikiana na timu iliyoko Tanzania. Tangu NIH ilipotangaza Mei 2025 kwamba haitatoa tena ruzuku ndogo za nje (sehemu ya ruzuku ambayo chuo cha huku huipitisha kwa washirika wa ng'ambo) kwa mfumo wa zamani, wasaidizi wetu wa uwandani hawana uhakika wa mshahara. Chuo changu kinaweza kuwalipia?*

Inategemea kama masharti ya fungu hilo yanaruhusu fedha kutoka nje ya chuo, na mengi hayaruhusu. Usikate tamaa hapo. Omba fedha za mpito kwa shughuli za huku, kama uchambuzi wa sampuli na data, kisha mwombe mkuu wa kitivo fungu la hiari kwa ajili ya uwandani, ukieleza idadi ya washiriki na ziara zitakazokosekana. Waandikie wenzetu wa kule leo juu ya kilichopo na kisichopo. Wana familia zinazowategemea, na wanahitaji kujua kabla ya mwezi kuisha.