Somo: Jinsi ya kumsaidia mama mwenye duka dogo la mtaani asikate mtaji

Habari zenu ndugu zangu. Kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Dada, mama yangu (au shemeji, au mdogo wangu) ana kaduka Mbagala, nimtumie shilingi ngapi kumwinua?" Jibu langu ni kwamba hela isitangulie. Laki tatu ikiingia kwenye duka lisilo na hesabu, baada ya muda mfupi shelfu zinakuwa wazi vilevile, na sasa mama anaona aibu hata kupokea simu yako.

Somo hili ni la mtoto, mume, jirani, kiongozi wa kikundi au mtu wa mradi. Mifano ni ya Dar es Salaam, mitaa kama Tandale, Manzese, Vingunguti. Wa mikoani badilisheni bei tu.

HATUA YA 1: Kaa dukani siku nzima, ukiwa kimya

Nenda mapema kabla ya chai. Utaona watoto wanatumwa na sarafu: sukari robo, majani ya chai ya mia, kipande cha sabuni. Jioni wanarudi kwa unga na mafuta ya kupima. Andika vitu viwili. Kwanza, vilivyoulizwa vikakosekana. Pili, vilivyotoka bila hela kuingia: sabuni ya kufulia nyumbani, sukari ya uji wa mtoto, soda ya mgeni. Usitoe ushauri wowote siku hiyo. Yeye ndiye anayeujua mtaa wake.

HATUA YA 2: Tenganisha droo na jiko

Msimkataze mama kula dukani kwake, haiwezekani na si haki. Kinachotakiwa ni kuandika. Nunua kauntabuku, piga mistari iwe na safu nne: mauzo, manunuzi, madeni, nyumbani. Kila kinachokwenda nyumbani kinaandikwa kwa bei ya kununulia. Halafu ajipangie posho ya siku, tuseme 3,000, kutegemea faida ilivyo. Vya nyumbani vikatwe kwenye posho hiyo. Hesabu zifungwe kila jioni, hata kama amechoka.

HATUA YA 3: Angalia mkono unaopima

Hapa wengi hawaangalii kabisa. Tufanye dumu la mafuta la lita 20 limenunuliwa 100,000, yaani lita moja 5,000. Mama anauza kipimo cha 500. Akitoa vipimo 12 kwa lita anapata 6,000, faida 1,000. Mkono ukiwa mzito, lita ikatoa vipimo 10, amepata 5,000 ileile. Amesimama kutwa nzima, dumu limeisha, faida hakuna. Na bado hajahesabu mafuta yaliyoganda kwenye dumu na yaliyomwagika.

Dawa yake: jazeni chupa ya lita moja, pimeni pamoja, hesabuni vipimo. Kisha kopo moja lichaguliwe na lisibadilishwe. Fanyeni hivyohivyo kwa mche wa sabuni (vipande vingapi?) na kiroba cha unga. Kupunja wateja hapana, nasema wazi. Ni kujua tu kipimo kimoja kinamgharimu kiasi gani, kisha bei ifuate.

HATUA YA 4: Madeni

Nitakaa hapa kidogo, maana maduka mengi ya akina mama yanafia kwenye daftari la madeni.

Watu wa semina hupenda kusema "usikopeshe". Huo ushauri haufai mtaani. Wateja ni vibarua, mafundi, mama lishe, madereva wa bodaboda; kipato chao hakiji siku moja. Mama asiyekopesha kabisa anakimbiwa, tena wanapita mbele ya duka lake wakienda kwingine. Kwa hiyo akopeshe, lakini kwa utaratibu.

Niliwahi kufunguliwa daftari lenye majina kama "mama geti la bluu", "fundi baiskeli", "mpangaji mpya". Huyo mpangaji mpya alikuwa ameshahama. Deni linataka jina kamili, namba ya simu na nyumba anayokaa, na kila mdaiwa awe na ukurasa wake. Lijumlishwe hapohapo mbele yake, aone.

Pili, kila mdaiwa awe na ukomo. Na madeni yote kwa pamoja, kwa maoni yangu, yasizidi moja ya tano ya mtaji. Yakifika hapo, hakuna jipya mpaka la zamani lipungue, hata awe shoga yake wa miaka mingi.

Tatu, siku ya kulipa ifuate kazi ya mtu. Anayebeba zege akilipwa Jumamosi, alipe Jumamosi jioni. Mlinzi mwisho wa mwezi. Wa bodaboda anapata kila siku, basi apunguze kila siku, hata 1,000.

Nne, akopeshe unga, sukari, mafuta, chumvi. Vocha, soda na sigara ni hela taslimu tu. Faida ya vocha ni ndogo mno. Ikikopwa moja isilipwe, ameuza nyingi bure.

Na kudai kuna adabu yake. Asimtume mtoto, asidai mbele za watu. Amfuate mtu nyumbani au amtumie ujumbe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ukimtahayarisha mdaiwa, unakosa hela na mteja pia.

HATUA YA 5: Wafungashe mzigo pamoja

Mama akienda Kariakoo peke yake ananunua kidogo, nauli inamla, na duka limefungwa nusu siku. Wakichanga watano wa mtaa mmoja wanachukua katoni na viroba kwa bei ya jumla, anakwenda mmoja kwa zamu, wanachangia kirikuu (kigari kidogo cha mizigo). Orodha iandikwe, risiti irudi, mgawanyo ufanyike siku hiyohiyo mbele ya wote. Hapa msaada wako una nguvu: lipia usafiri wa safari za mwanzo.

Mali kauli nayo ipo, yaani kuchukua mzigo na kulipa ukishauza. Ni nzuri kwa bidhaa inayotoka haraka. Kwa bidhaa inayolala, ni deni tu.

HATUA YA 6: Sasa ndiyo mtaji

Aanze na faida yake na hisa za kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Mtindo huu wa sanduku la akiba ulianza na wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, na kinachoulinda ni kuhesabu hela mbele ya wote na kufuli zenye funguo kwa watu tofauti.

Kisha mkopo wa halmashauri. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimama mwaka 2023 ikarudi 2024. Mlango wake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na unataka kikundi. Ndiyo maana wale watano wa kufungasha mzigo wana faida mara mbili.

Kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, asiiguse.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo dada. Mama yangu hajui kusoma, atawezaje hayo madaftari?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kichwani anajua nani anadaiwa kuliko daftari lolote. Jioni mjukuu anayesoma akae naye aandike anavyotajiwa. Mchana atumie makopo mawili: moja hela ya mzigo, jingine hela ya nyumbani.

Swali: Dada, mume wangu anachukua hela kwenye droo akisema tutaelewana. Nifanyeje?

Jibu: Pole mdogo wangu. Mwandike kwenye safu ya "nyumbani", bila ugomvi, mwezi mzima. Kisha kaeni usiku watoto wamelala, mwonyeshe jumla. Wengi hushtuka kweli, maana walikuwa wanachukua kidogokidogo. Pia fungua lipa namba (namba ya kupokea malipo kwa simu) kwa laini yenye jina lako, wateja walipie huko, droo ibaki na chenji. Kama kuna vitisho au kipigo, hilo si suala la hesabu tena. Nenda dawati la jinsia polisi na uwaambie watu wako.

Swali: Nina kausha damu mbili kwa mpigo, moja inalipa nyingine. Nauza friji?

Jibu: Usikope ya tatu, hilo la kwanza. Tazama: ukichukua 100,000 ukarudisha 130,000 kwa mwezi, umelipa 30,000. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi za mikopo zenye leseni ya daraja la pili (zinazokopesha bila kupokea akiba za watu), yaani 3,500 kwa kiasi hichohicho. Waulize leseni yao na mkataba wenye nakala. Ongea na kikoba chako wakukopeshe ufunge ile yenye riba kubwa kwanza. Friji kama linauza maji na barafu kila siku, liache, ndilo linalokulisha.

Swali: Mwalimu, akianza kuandika mauzo, si watu wa kodi watamkamata vizuri zaidi?

Jibu: Hofu hii naielewa, lakini hesabu inakataa. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakutozwa kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000, mwenye kumbukumbu asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mauzo ya milioni 5 yalikuwa 30,000 badala ya 100,000. Muulize afisa wa kodi viwango vya mwaka huu, na siku ya makadirio ya kodi mama aende na kauntabuku mkononi.